Namna ya Kuandaa Tamasha la Mtaa la Vitabu vya Enzi ya Malkia Victoria Jijini Dar es Salaam

Malkia Victoria alikalia kiti cha enzi cha Uingereza tangu Juni 1837 hadi Januari 1901, na katika miaka hiyo 63 ziliandikwa riwaya ambazo wengi wetu tumezisikia kwa majina tu, ama tumezisoma kwa shida darasani kwa ajili ya mtihani. Tamasha la mtaa linaweza kuzitoa riwaya hizo darasani na kuzirudisha mahali zilipopata umaarufu wake, yaani midomoni mwa wasomaji na masikioni mwa wasikilizaji. Miji kadhaa ya nje ina matamasha ya namna hii: Rochester huko Uingereza, Deventer huko Uholanzi na Galveston katika jimbo la Texas hujaza barabara zake watu waliovaa kama wahusika wa Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza wa enzi hiyo. Sisi wa Dar es Salaam hatuna sababu ya kuyaiga yalivyo. Maelekezo haya yanamlenga mwandaaji wa ngazi ya mtaa, mwenye kamati ya watu kumi hivi na fedha kidogo, ambaye anataka watu warudi nyumbani wakiwa wamesikia hadithi na kubishana juu yake, pamoja na kupiga picha wakiwa na kofia ndefu.

Chagua mwaka mmoja

Jambo la kwanza ni kuupunguza muda. Enzi ya miaka 63 ni ndefu mno kwa tamasha la siku moja, kwa kuwa mavazi, sheria, usafiri na hata namna ya kuuza vitabu vilibadilika mara nyingi ndani yake. Tamasha linalotaka kuonyesha enzi nzima huishia kuonyesha vitu visivyowahi kukaa chumba kimoja. Ukichagua mwaka mmoja, unapata swali ambalo kila meza na kila mzungumzaji atalijibu: mwaka huo mtu wa London alikuwa akisoma nini na kuvaa nini, na mtu wa pwani yetu alikuwa katika hali gani?

Mwaka ninaoupendekeza kwa Dar es Salaam ni 1870, na sina wasiwasi na pendekezo hilo. Dickens alifariki tarehe 9 Juni mwaka huo, akiiacha riwaya yake ya mwisho, The Mystery of Edwin Drood, katikati. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyeanza kuujenga mji huu kando ya kijiji cha Mzizima katikati ya miaka ya 1860, alifariki Oktoba mwaka uleule, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuwa na hamu ya kuuendeleza, hata mji ukadorora kwa miaka mingi. Mwaka huohuo London ilichapisha mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alioukusanya Unguja mmisionari Edward Steere, ambamo tunamkuta paa wa Sultani Darai na kisa cha punda wa dobi. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya elimu ya mwaka 1870 iliyoanzisha bodi za shule, na Posta ya nchi hiyo ikaanza tarehe 1 Oktoba kuuza kadi za posta kwa nusu peni. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwezi Novemba uliotangulia, na safari ya baharini kati ya pwani hii na Ulaya ikawa imefupishwa kwa kiasi kikubwa. Mwandaaji akiyaweka mambo haya kwenye bango moja mlangoni, mgeni ataelewa bila kuelezwa sana kwamba pande hizi mbili zilikuwa zikiishi siku zilezile.

Tamasha lianze wiki nne kabla ya siku yake

Riwaya nyingi za enzi hiyo hazikuanza kama vitabu. Zilitolewa sehemu kwa sehemu, kila mwezi au kila wiki, na sehemu ya mwezi ya Dickens ilikuwa kijitabu chembamba chenye jalada la rangi ya kijani, kurasa 32 na picha mbili, kilichouzwa kwa shilingi moja. Msomaji alikisoma, akakiazima kwa jirani, kisha akakaa mwezi mzima akibahatisha kitakachofuata. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa raha hiyo, kwa sababu sote tumekua na magazeti yaliyoishia na neno "Itaendelea" mahali ambapo hakuna aliyetaka yaishie.

Kwa hiyo usisubiri siku ya tamasha. Andaa vijitabu vinne vya Kiswahili, kila kimoja cha kurasa nane, ambazo ni karatasi mbili za kawaida zilizochapwa pande zote na kukunjwa katikati, na ukitoe kimoja kila wiki kwa wiki nne mfululizo. Visambaze mahali ambapo watu hukaa wakisubiri: saluni za kike na za kiume, vijiwe vya kahawa, kwa fundi cherehani, kituo cha bodaboda, maktaba na ofisi ya serikali ya mtaa. Tuma pia kwenye makundi ya simu ya mtaa, lakini karatasi usiiache, maana karatasi iliyoachwa kwenye benchi la kinyozi husomwa na watu wengi kuliko ujumbe uliozama chini ya salamu za asubuhi. Jalada liwe la kijani, na umwombe mchoraji wa Tingatinga au mchoraji wa mabango wa hapohapo mtaani achore picha mbili kwa kila sehemu.

Hadithi inayofaa kwa kazi hii ni hiyohiyo ya Edwin Drood, ikisimuliwa upya kwa ufupi. Sehemu ya kwanza ieleze mji mdogo wa Cloisterham wenye kanisa kuu la kale, kijana Edwin na binti Rosa waliochumbishwa na baba zao tangu utotoni, na mjomba wa Edwin, John Jasper, kiongozi wa kwaya anayevuta kasumba kwa siri na kumtamani mchumba wa mpwa wake. Sehemu ya pili imlete Neville Landless, kijana aliyefika na dada yake pacha kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo), na ugomvi wake na Edwin. Sehemu ya tatu iwe mkesha wa Krismasi wenye dhoruba, ambapo vijana hao wawili wanapatanishwa kwa chakula cha usiku na Edwin hatokei tena, kisha saa yake ya mfukoni inaokotwa mtoni. Sehemu ya nne imwonyeshe Rosa akikimbilia London, na mgeni wa ajabu mwenye nywele nyeupe, Datchery, akifika mjini kumchunguza Jasper. Hapo Dickens aliishia. Alikuwa amepanga sehemu 12 na akaandika sita, na mwisho wake hakuna anayeujua kwa hakika hadi leo.

Wasomaji wetu watashika hadithi hii mara moja, kwa kuwa uchumba uliopangwa na wazee, mjomba mwenye mamlaka na mgeni anayeshukiwa kwa sababu tu ni mgeni ni mambo tunayoyafahamu. Mwishoni mwa kijitabu cha nne weka tangazo moja tu: kila anayeweza aandike mwisho wake kwa maneno yasiyozidi 800, alete siku ya tamasha. Shule za sekondari za karibu zipelekewe tangazo hilo mapema, kwa mkono, na barua yenye muhuri wa serikali ya mtaa.

Kusoma kwa sauti ndio moyo wa siku yenyewe

Nimewahi kuhudhuria shughuli ya vitabu hapa jijini ambapo msomaji mwenye elimu nzuri alisoma Kiingereza kwa karibu saa nzima bila kuinua macho. Wasikilizaji waliondoka mmoja mmoja kwa adabu, na waliobaki mwishoni walikuwa watoto waliokuwa wakisubiri keki. Msomaji yule hakukosa ujuzi wa lugha, bali andiko lilikuwa halijaandaliwa kwa ajili ya sikio, tena lilisomwa kwa lugha ambayo watu hawakuja kuisikiliza mapumzikoni.

Dickens mwenyewe alijua tofauti hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1853 alisoma hadharani mjini Birmingham, na akataka watu wa kazi za mikono nao wapate nafasi kwa kiingilio kidogo. Tangu mwaka 1858 alisoma kwa malipo katika miji mingi, na aliagana na wasikilizaji wake London tarehe 15 Machi 1870, miezi mitatu kabla ya kufa. Hakusoma kitabu kilivyochapwa. Alikata kurasa nzima, akabakiza mazungumzo na matukio, akajiandikia pembeni maelekezo ya sauti na ishara. Meza yake ya kusomea aliibuni mwenyewe, ikiwa ndogo kiasi kwamba watu waliuona mwili wake wote. Fundi seremala yeyote wa Keko anaweza kukutengenezea meza ya namna hiyo, nyembamba, ya kufika kiunoni, yenye kibao cha kuweka glasi ya maji.

Fuata njia hiyohiyo. Kila usomaji uwe wa dakika 15 hadi 20, na kwa mwendo wa maneno kama 110 kwa dakika utahitaji andiko la maneno 1,600 hadi 2,200. Usomaji wa kwanza ninaoupendekeza ni sura ya pili ya Oliver Twist, riwaya iliyotoka kati ya 1837 na 1839 na ambayo mwaka 1870 ilikuwa bado inasomwa sana. Ndani yake watoto wa nyumba ya maskini, wenye njaa isiyokwisha, wanapiga kura nani akaombe kuongezewa uji, na kura inamwangukia Oliver. Neno "uji" limekaa pale kana kwamba hadithi iliandikwa kwa Kiswahili, na mtoto wa Tandale au Mbagala hatahitaji maelezo ya bakuli lililokwanguliwa hadi kung'aa.

Lakini tafsiri yake inataka uamuzi. Kwa Kiingereza Oliver anasema kwamba anataka tena, akitanguliza neno la kuomba na la heshima. Ukitafsiri kwa "nataka", sikio la Kiswahili litasikia mtoto mkaidi, na hasira ya mkuu wa nyumba itaonekana kuwa na haki kidogo. Ukitafsiri kwa "naomba uniongeze", msikilizaji atamwona mtoto aliyefundishwa adabu ambaye bado anapigwa, na huo ndio uchungu wa mahali pale. Mimi ningechagua "naomba" bila kusita. Kamati yako inaweza kuamua vingine, ila ikae na kuamua, isimwachie mtafsiri mmoja afanye usiku wa kuamkia tamasha. Dickens amekufa zaidi ya miaka 150 iliyopita, kwa hiyo kutafsiri maandishi yake hakuhitaji ruhusa ya mtu. Tafsiri iliyokwisha kufanywa na mwandishi wa siku hizi ni mali yake, nayo iombwe.

Wapate wasomaji kwa kuwasikiliza kwanza. Walimu wa madrasa na wahubiri huwa na sauti zilizozoea umati, watangazaji wa mpira wanajua kubadili kasi, na bibi anayesimulia wajukuu hadithi kila jioni huenda akawashinda wote. Kila msomaji afanye mazoezi mara tatu, mara moja akiwa na kipaza sauti chenyewe. Wakati wa adhana kipaza sauti kinyamaze, na ratiba ipangwe hivyo tangu mwanzo badala ya kukatishwa ghafla. Na zipo sehemu zisizofaa kusomwa mbele ya watoto: mauaji ya msichana Nancy katika Oliver Twist yalimchosha Dickens mwenyewe hata madaktari wakawa wakimpima mapigo ya moyo baada ya kusoma.

Upande wa pili wa mwaka huohuo

Nusu ya usomaji wa siku itoke pwani yetu. Hadithi za mkusanyo wa Steere zinafaa sana kwa watoto asubuhi, hasa ile ya Sultani Darai, na ni vizuri wajue kwamba walizisimulia Waswahili wenyewe huko Unguja, yeye akaziandika. Kwa watu wazima, weka pamoja maandishi mawili ambayo kwa maoni yangu yataleta mjadala mkubwa kuliko yote. La kwanza ni utenzi wa Mwana Kupona binti Msham, alioutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake namna ya kuishi na Mungu, na mume na majirani. La pili ni kitabu cha mambo ya nyumbani cha Isabella Beeton, kilichotoka London mwaka 1861, kinene cha zaidi ya kurasa elfu moja, kinachomweleza mke wa Kiingereza wa tabaka la kati namna ya kuamka mapema, kusimamia watumishi na kumpokea mgeni. Miaka mitatu tu inayatenganisha, na yote mawili yanamwambia mwanamke awe nani ndani ya nyumba. Soma beti kumi za utenzi, kisha kurasa mbili za Beeton kwa Kiswahili, halafu uwape akina mama, akina baba na wasichana nafasi ya kusema. Mwongozaji wa mjadala awe mtu anayeheshimika mtaani na anayeweza kumkatiza mzungumzaji mrefu bila kumvunjia heshima.

Kwa maisha ya kila siku ya Mrima, yaani pwani ya bara, kuanzia harusi na ngoma hadi malezi, chanzo kizuri ni maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo juu ya desturi za Waswahili, yaliyochapishwa mwaka 1903. Yanaeleza kizazi kilichokuja baada kidogo ya mwaka wetu, kwa hiyo kibandiko cha meza kiseme hivyo. Meza nyingine iwe ya maandishi: mtu anayejua kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu awaandikie wageni majina yao, kama barua za pwani zilivyokuwa zikiandikwa wakati huo, na pembeni yake watoto waandike kadi za posta kwa kalamu ya wino. Meza hizi mbili hugharimu karatasi na wino tu, na ndizo zitakazokuwa na foleni ndefu zaidi.

Vilevile kuna vitabu vya enzi hiyo ambavyo wazee wetu walivisoma kwa Kiswahili, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Elisi katika Nchi ya Ajabu. Cha kwanza kiliandikwa kwa Kiingereza mwaka 1885 na hakiingii katika mwaka tulioteua, lakini mzee aliyekisoma shuleni aalikwe akizungumzie, pamoja na namna kinavyowaona Waafrika, jambo ambalo halipaswi kupitwa kimya.

Liko jambo moja ambalo mwandaaji asilikwepe. Mwaka 1870 soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilikuwa wazi, na lilifungwa mwaka 1873 Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Uingereza. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa, na karafuu hizo zilifika hadi jikoni mwa Waingereza. Tamasha linaloonyesha chai na keki bila kusema hayo linawadanganya wageni wake. Lisemwe kwa dakika kumi, na mtu aliyesoma historia vizuri, kwa utulivu, watu wakiwa wamekaa. Asivalishwe mtu yeyote minyororo, na mtoto ndiyo asithubutu kuvalishwa, kwa kuwa mateso ya wale watu hayafai kuwa mchezo wa kupigwa picha.

Mavazi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na mwaka mmoja unakusaidia tena. Sketi pana ya duara iliyoinuliwa kwa pete za chuma ilivuma miaka ya 1850 na 1860. Kufikia 1870 ilikuwa inapisha mtindo mwingine, sketi iliyolala mbele na kitambaa kukusanywa nyuma ya kiuno. Fundi cherehani atashona sketi ndefu ya kawaida, aongeze kitambaa cha nyuma chenye marinda, na ndani yake afunge kimto kidogo cha sufi. Juu ivaliwe blauzi ya mikono mirefu yenye vifungo hadi shingoni. Vazi hilo linaingia kwenye bajaji bila taabu, jambo ambalo sketi ya duara haiwezi.

Tumia pamba, si poliesta, kwa ajili ya joto letu. Wala usidhani kwamba rangi zilikuwa kijivu na kahawia kama picha za zamani zinavyoonyesha. William Henry Perkin aligundua rangi ya zambarau ya kiwandani mwaka 1856, na baada yake magauni yalipata rangi kali ambazo zisingeonekana ngeni kwenye maduka ya Mtaa wa Uhuru. Kwa wanaume, koti refu jeusi la mtumba kutoka Mchikichini, kizibao na tai vinatosha. Na tafadhali, wasiwe wote mabwana na mabibi wakubwa. Waingereza wengi wa 1870 walikuwa wafanyakazi wa viwandani, vibarua na watumishi wa majumbani, na wavulana bado walitumwa kupanda ndani ya mabomba ya moshi kuyasafisha hadi sheria ya mwaka 1875 ilipokomesha. Aproni, gauni la kitambaa rahisi na kofia ya nguo ni mavazi ya kweli kabisa, tena ya bei nafuu.

Kwa upande wa pwani, kanzu, kilemba, kikoi na joho vinapatikana majumbani. Wanawake wavae kaniki na merikani, kitambaa cha pamba kilichopata jina lake kwa sababu kililetwa na meli za Wamarekani. Khanga yenye jina lililoandikwa kama tunavyoijua leo ilikuja baadaye, na ingawa najua wengi watasikitika, ningeomba akina mama wa kamati waiweke kando kwa siku hiyo moja.

Chakula kisikusumbue. Wape mama lishe wa mtaa orodha fupi: chai ya maziwa, mkate, viazi vya kuchemsha, supu ya njegere iliyo nzito, na uji utakaogawiwa mara tu baada ya usomaji wa Oliver. Upande wa pili kuwe na kahawa chungu, kashata, halua na mkate wa kumimina. Mtu mwenye subira anaweza kupika pudingi ya Kiingereza ya zabibu, kungumanga na karafuu, inayofungwa kwa kitambaa na kuchemshwa kwa saa kadhaa, na karafuu za Pemba zilizomo zitampa msimulizi pa kuanzia. Maji ya kunawa na sabuni viwe karibu na kila meza ya chakula.

Mahali, siku na vibali

Jumamosi iliyo karibu na tarehe 9 Juni inafaa, kwa kuwa kwa kawaida masika huwa yamekwisha na joto limepungua, lakini angalia kwanza kalenda ya Ramadhani, sikukuu na mitihani. Hata hivyo kodi turubai, maana nimeona mvua ya Juni ikilowesha vitabu vya kuazima ndani ya dakika tano. Uwanja wa shule ya msingi ndio mahali rahisi zaidi kupata, una vyoo na uzio. Omba ruhusa ya mwalimu mkuu kwa maandishi, upeleke barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa mtendaji, utoe taarifa kituo cha polisi, na uulize mapema Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na halmashauri kuhusu vibali vya burudani na vya kufunga barabara. Anza miezi mitatu kabla.

Kama mtaa wako uko karibu na katikati ya jiji, panga matembezi ya asubuhi hadi Boma la Kale, kwenye kona ya Barabara ya Sokoine na Barabara ya Morogoro, jengo lililobaki tangu siku za Majid. Mwongozaji awe mwangalifu hapo: kanisa la Azania Front na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu vilijengwa baadaye, wakati wa Wajerumani, na mwaka 1870 mtu aliyesimama pale asingeviona.

Asubuhi waachie watoto, meza za maandishi na matembezi. Adhuhuri watu wapumzike. Mjadala wa Mwana Kupona na Beeton uanze saa nane na nusu, na usomaji mkuu uanze saa kumi na nusu, baada ya sala ya alasiri, ukifuatiwa na miisho mitatu iliyochaguliwa ya Edwin Drood ikisomwa na waandishi wake wenyewe. Jua la Juni huzama saa kumi na mbili na robo hivi, kwa hiyo kura ya wasikilizaji kuhusu mwisho bora ipigwe kabla ya saa kumi na mbili, kwa kuinua mikono, na mshindi apewe vijitabu vyote vinne vilivyofungwa pamoja kwa uzi na jalada gumu.

Siku inayofuata rudisha mavazi ya kuazima yakiwa yamefuliwa, lipa mafundi wa spika na turubai, kisha kusanya miisho yote iliyoletwa, iliyoshinda na isiyoshinda, uichape nakala chache na kuipeleka maktaba ya shule, maktaba ya karibu na ofisi ya mtaa, pamoja na nakala moja kwa kila kinyozi aliyekubali kuweka vijitabu kwenye benchi lake.